Jasho la Bilauri na Kutafuta Sababu ya Mambo

Usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa, baada ya darsa kwisha na watu kutawanyika, alibaki mzee mmoja katika wenzetu, muuza bizari wa sokoni, ameshika daftari la mjukuu wake. Alikuwa na kero, na kero yake twaiandika hapa kwa kuwa tumeisikia kwa wazee wengi wa mji huu tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kuenezwa nchini mwaka 2019, na zaidi tangu vijana wa mtaala huo walipoingia darasa la saba mwaka 2023.

"Maalim," alisema, "mimi nanunua sare, nanunua vitabu, natoa nauli kila asubuhi. Mtoto huyu ameshinda skuli kutwa nzima, na somo la sayansi alilorudi nalo ni hili." Akatufungulia ukurasa. Mwalimu alikuwa amewauliza watoto: ukitia maji na barafu katika bilauri kavu ukaiweka mezani, baada ya muda mchache bilauri hutoka jasho kwa nje, je, jasho lile latoka wapi? Chini ya suali hilo mtoto ameandika majawabu matatu ya wenzake darasani, na hapana hata moja lililotiwa alama ya sahihi wala ya kosa. "Jawabu liko wapi?" akauliza mzee. "Mwalimu alijua au halijui? Kama alijua, mbona amelificha? Na kama halijui, mshahara anapewa wa nini?"

Twakiri kwamba maneno yale kwanza yalituingia. Sisi tumelelewa katika chuo ambamo mwanafunzi huhifadhi matini kabla ya kuifahamu, na mwalimu akisema hupokewa. Hatujutii malezi hayo, kwani mtu asiyekuwa na kitu kifuani hana cha kukifikiria. Lakini tulimuomba mzee atuachie lile daftari siku mbili, na asubuhi yake tukamtafuta yule mwalimu, ambaye ni kijana anayehudhuria darsa zetu, tukamuuliza amekusudia nini.

Akatueleza hivi. Yale majawabu matatu aliyoyaandika ubaoni ndiyo fikira walizokuja nazo watoto vichwani mwao, naye hakuyazua. Kundi la kwanza lilisema kwamba maji ya ndani yapenya katika kioo na kutokea nje, kama yanavyopenya katika mtungi wa udongo. Kundi la pili lilisema kwamba baridi yenyewe hugeuka maji. La tatu, nao walikuwa wachache, walisema kwamba maji yale yatoka katika hewa. "Lau ningewaambia siku ile ile kwamba wa tatu ndio waliopata," alisema, "wote wangaliandika hewa, na kwenye mtihani wote wangalijibu hewa, na nyumbani kila mmoja angalibaki na lake."

Basi kesho yake aliwaambia kila kundi watafute jambo ambalo, likitokea, litaonyesha kwamba wao ndio wenye haki, na lisipotokea litaonyesha kwamba wamekosea. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Waliosema maji yapenya walishauriana, wakasema: basi na tutie sharbati nyekundu badala ya maji. Ikiwa jasho latoka ndani litakuwa jekundu na tamu. Wakafanya hivyo, wakapangusa nje ya bilauri kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikabaki cheupe. Mmoja wao aliyekuwa mkaidi (na ukaidi wa namna hii ni neema) alisema huenda kioo chazuia rangi na sukari na kupitisha maji matupu, kama chujio. Hoja hii ni nzuri wala haikujibiwa na kile kitambaa. Ikatakiwa mizani. Na mizani waliyoitumia, bila ya mzee wetu kujua, ilikuwa ni ile mizani yake ndogo ya kupimia iliki na zafarani, ambayo mjukuu aliiomba kwa siku moja bila ya kusema yataka nini.

Walitia barafu katika chupa yenye kifuniko, wakaifunga barabara, wakaikausha nje na kuipima. Wakangoja mpaka jasho lilipoenea, wakapima tena, wakaona uzito umezidi kwa gramu chache. Wakaipangusa, wakapima mara ya tatu, na uzito ukarudi pale pale ulipokuwa. Sasa, lau maji yale yangalikuwa ni ya ndani yaliyotoka nje, chupa isingezidi uzito hata kidogo, kwani kilichokuwa ndani na kilichoko nje vyote viko juu ya mizani. Na baada ya kupanguswa ingepungua, ikawa nyepesi kuliko ilivyoanza. Haikupungua. Basi lile neno la kupenya likaanguka, tena likaangushwa na wenyewe walioliweka.

Wakabaki waliosema baridi hugeuka maji. Hawa walikuwa na nguvu, kwa sababu kila walipoonyeshwa jasho walisema: nasi tumesema hivyo, chupa ni baridi. Mtoto mmoja wa kike ndiye aliyepata njia. Alichukua chupa nyingine, akaikausha, akaizungushia nailoni nyembamba ile ya kufunikia chakula, ikiwa imebana vizuri ili hewa isiingie baina yake na kioo, kisha ndipo ikatiwa barafu. Jasho likatoka juu ya nailoni, na ilipofunuliwa, kioo chenyewe kilikuwa kikavu. Kioo kilikuwa baridi kuliko nailoni, na lau baridi ndiyo igeukayo maji, hapo ndipo palipostahiki kulowa zaidi. Lakini hewa haikukifikia.

Hapo ndipo mwalimu alipowapa maneno ya kitabu: kwamba katika hewa mna mvuke usioonekana, na hewa ya pwani kama ya kwetu ina mwingi, na kwamba hewa ikigusa kitu cha baridi haiwezi kuuchukua mvuke wote iliokuwa nao, na ule uliozidi hugeuka matone. Watoto waliyapokea maneno hayo kama mtu apokeavyo jina la jamaa yake aliyekwisha kumuona uso. Na kabla ya kengele kulia walikuwa wameyachukua mbali kuliko alivyotazamia: mmoja alisema ndiyo sababu miwani ya babu yake huingia ukungu atokapo benki kwenye kiyoyozi na kukabili joto la njiani, na mwengine akasema ndiyo sababu mabati ya paa hudondosha maji alfajiri na hali mvua haikunyesha.

Tuliporudi kwa mzee na habari hii, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Siku ngapi?" Tukamwambia siku tatu. "Siku tatu kwa jasho la bilauri!" alisema. Na suali hili ni la haki, wala haifai kulipuuza, kwa kuwa vitabu ni vinene na mwaka ni mfupi. Jawabu letu ni kwamba hapana mwalimu awezaye kufundisha kila jambo kwa njia hii, wala haimpasi. Mtoto hawezi kujivumbulia kwa siku tatu yale ambayo wanavyuoni waliyahangaikia karne nyingi, na mwenye kumwacha peke yake katikati ya bahari na kusema "gundua" amemdhulumu. Lazima mwalimu ajue ni jambo gani la kuleta mbele ya mtoto, na lini. Na lazima awe na akiba ya mambo ya yakini ya kumpa anapokwama. Lakini katika kila mlango wa ilimu yako mambo machache yanayostahiki siku tatu, na mtoto aliyeyapata hayo huyasoma yaliyobaki kwa jicho jingine.

Na hapa tungependa kusema neno kwa walimu na wazee kwa pamoja, kwani jina la mtaala halitoshi. Tumeona kazi za watoto ambazo baba amezitengeneza, mama amekata karatasi, na duka la kompyuta limechapisha maelezo yenye picha za rangi, na mtoto hakufanya ila kubeba. Hiyo ni kuhifadhi kule kule kwa zamani, ila ghali zaidi, na kwa kweli afadhali yule aliyehifadhi matini, maana yeye amebaki na matini.

Katika wasomaji wetu watakuwapo watakaosema kwamba njia hii ya kumuacha mtoto aseme, kisha akajaribu, ni jambo la kigeni lililoletwa na wazungu. Sisi twawaambia warudi katika vitabu vyao wenyewe. Mwenye kusoma usuli ya fiqhi hufundishwa namna ya kuitafuta illa, yaani sababu ambayo hukumu imetundikwa juu yake, na mojawapo ya njia zake yaitwa sabri na taqsimu. (Na hii sabri ni kwa herufi ya sini, asili yake ni kupima kina cha jeraha; siyo ile subira, ingawa nayo yahitajiwa.) Taqsimu ni kuzihesabu sifa zote ziwezazo kuwa ndiyo sababu, na sabri ni kuzitia mtihanini moja baada ya moja. Mfano wake mashuhuri ni ulevi wa zabibu. Umeharamishwa kwa nini? Yumkini ni kwa kuwa ni kitu cha majimaji. Lakini maji nayo ni majimaji na ni halali. Yumkini ni kwa rangi yake. Lakini ziko sharbati zenye rangi ile ile. Yumkini ni kwa kuwa umetoka katika zabibu. Lakini zabibu huliwa. Ikabaki kulevya. Kisha wanavyuoni hawakutosheka na hapo, wakaongeza njia nyingine waiitayo dawarani, yaani hukumu kuizunguka sababu yake: maji ya zabibu kabla ya kulevya ni halali, yakilevya huwa haramu, yakigeuka siki hurudi kuwa halali. Sababu ikija, hukumu huja; sababu ikiondoka, hukumu huondoka.

Ewe msomaji, wale watoto walio na bilauri na nailoni walifanya nini zaidi ya haya? Walihesabu sababu tatu, wakaipa kila moja mtihani wake, mbili zikaanguka. Kisha wakaondoa hewa, jasho likaondoka. Wakaiacha hewa, jasho likarudi. Mwanafunzi wetu wa chuoni hufanya jambo hili juu ya hukumu, na yule wa skuli hulifanya juu ya maji na barafu.

Lakini yataka hadhari, na hadhari hii pia twaijua. Mambo mawili kufuatana hakutoshi kulifanya moja kuwa sababu ya jingine. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku ile ile aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), na watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Hapana wakati ambao maneno kama hayo yangalipendeza zaidi kwa waliofiwa. Naye Mtume aliyakataa, akawabainishia watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Basi mwalimu wa sayansi akimwambia mtoto, "Umeona haya mawili yamekuja pamoja, je, umeonaje kwamba hili ndilo lililoleta lile?", hakumwambia jambo geni kwetu.

Desturi yetu siku hizi ni kulitaja jina la Ibnu l-Haitham katika kila hotuba ya maulidi na kila sherehe ya skuli, na wachache huuliza mtu yule alifanya nini hasa. Alizaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, akafanya kazi Misri, akafa kiasi cha 1040. Aliwakuta wakubwa wa zamani wamegawanyika juu ya kuona, na katika wao wakiwamo waliosema mwangaza hutoka jichoni ukaenda kukigusa kitu. Alizishika kauli zao akazipima kwa yale ambayo kila mtu aweza kuyaona: kwamba jicho huumia likitazama jua, na kwamba taa nyingi zilizowekwa mbele ya tundu dogo hupeleka mwangaza wao ndani ya chumba cha giza kila moja mahali pake, na ukiizuia taa moja huondoka mwangaza wake tu. Karne tatu baadaye, Kamalud-Din al-Farisi, aliyekuwa akikisherehesha kitabu chake, alitaka kujua upinde wa mvua hutokea vipi. Tone la mvua halishikiki. Basi alichukua tufe la kioo akalijaza maji, likawa kama tone lililokuzwa, akalitia mwangaza katika chumba cha giza na kufuatisha njia za mwangaza ndani yake, unavyopinda ukiingia, unavyorudi, unavyopinda tena ukitoka. Tufe kama lile laweza kufanywa na mtoto wa leo kwa chupa ya mviringo na tochi, na twaona ni heshima kubwa zaidi kwa al-Farisi kuliko kulitaja jina lake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watoto wa mji huu walijua kuliko watungaji wengi wa vitabu vyao, nalo ni kujaa na kupwa kwa maji. Muulize mwanafunzi yeyote, "Maji hujaa kwa nini?" Atakujibu mara moja: kwa sababu mwezi huyavuta. Amelijibu suali, na mtihani ameupita. Muulize la pili: mwezi hupita juu yetu mara moja tu baina ya leo na kesho, mbona maji hujaa mara mbili? Wengi tuliowauliza walinyamaza. Na si kwamba hawalijui jambo lenyewe, kwani wamekulia ufukweni. Wajua kwamba maji hujaa mara mbili, na kwamba kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Wajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakapanda zaidi ya mita 3 kutoka pwa hadi jaa; na mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yakawa yanasogea kidogo tu. Mvuvi asiyejua kusoma atakwambia kwamba siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Mtoto anayo yote hayo nyumbani, na skuli anayo sentensi moja, na hapana aliyemwambia kwamba ni jambo moja.

Na asione haya aliyenyamaza, kwani suali hili lilimshinda mkubwa kuliko yeye. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1632, alitaka kueleza maji kujaa na kupwa bila ya mwezi. Alitoa mfano wa mashua zilizokuwa zikipeleka maji ya kunywa Venice: mashua ikiongeza mwendo au ikisimama ghafla, maji yaliyomo hupanda upande mmoja na kushuka mwengine. Na dunia, alisema, kwa kuwa yajizungusha na huku inalizunguka jua, bahari zake hutikiswa namna hiyo. Ni maelezo mazuri, yaliyojengwa juu ya jambo alilolitazama kwa macho yake. Kasoro yake ni kwamba yangaleta maji kujaa mara moja kwa siku, na watu wa Venice waliyaona yakijaa mara mbili. Galileo alilijua hilo, akalisukuma pembeni, akasema ni kwa umbo la bahari na mambo mengine madogo. Hapo ndipo alipokosea njia. Lile jambo alilolifanya dogo ndilo lililokuwa na haki ya kumhukumu.

Isaac Newton alileta mwaka 1687 maelezo yaliyosimama, na mwalimu aweza kuwafikisha watoto kwenye mlango wake kwa mfano wa watu watatu wanaotembea kwa safu. Wa mbele akivutwa kwa nguvu zaidi, wa kati kwa kiasi, na wa nyuma kwa uchache, basi huyo wa kati akigeuka atamuona wa mbele amejitenga naye, na wa nyuma pia amejitenga naye, ameachwa. Maji yaliyo upande wa mwezi ndiyo yule wa mbele, dunia yenyewe ni wa kati, na maji ya upande wa pili ni wa nyuma. Kwa hivyo maji huinuka pande mbili, nasi katika kuzunguka na dunia hupita penye mwinuko mara mbili. Na kwa kuwa huku sisi tunazunguka mwezi nao unasogea, kutoka jaa hadi jaa si masaa 12 kamili. Ni masaa 12 na dakika 25, na ukizijumlisha mbili utapata zile dakika 50 ambazo mvuvi alikuwa nazo.

Kisha mwalimu anyamaze, awaulize: jua nalo huvuta maji hivi hivi, kwa nguvu pungufu kidogo ya nusu ya ile ya mwezi, je, bamvua itakuja lini? Mtoto aliyekwisha kufahamu ile miinuko miwili atasema mwenyewe kwamba ni mwezi unapoandama, maana vyote viwili viko upande mmoja. Ama mwezi mpevu, viko pande mbalimbali, na wengi hapa hudhani vitapingana. Atakayekumbuka kwamba kila kimoja huinua maji mbele na nyuma, huyo ataona kwamba havipingani, vyasaidiana. Tumeliona jambo hili likimfikia kijana mmoja wa miaka 15 mbele ya macho yetu, na uso wake hatujausahau.

Tena asidanganywe kwamba sasa amemaliza. Maelezo haya peke yake yangetupa mwinuko usiofika mita moja, ndivyo ilivyo katika bahari kuu; nasi tunazo zaidi ya mita 3, na sehemu nyingi za bahari ya Mediterania hazifiki nusu mita. Na bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, siyo siku yenyewe. Umbo la bahari na kina chake na mipaka ya bara vina sehemu yake, na hapa ndipo Galileo angalikuwa na haki. Mwalimu amwambie mtoto wazi: mpaka hapa maelezo yetu yametuchukua, na mbele yataka hesabu ambazo utazikuta. Mtoto akiambiwa hivyo hatadharau maelezo. Atajua ni ya nani na yafika wapi.

Yako mambo yanayotutia hofu zaidi ya kupotea siku tatu. Mwaka 1963, kijana wa Tanganyika jina lake Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika skuli ya Magamba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Nafasi katika friji ilikuwa chache, naye akaharakisha kutia maziwa yake yangali moto, wakati mwenzake alitia ambayo hayakuchemshwa. Ya Mpemba yaliganda kwanza. Alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Ikawa wenzake wamfanyia mzaha kwa neno hilo. Hakuna katika wale aliyekwenda kutia maji katika friji. Alipokuja Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwazungumzia, Mpemba aliinuka mbele ya kicheko cha darasa akamuuliza. Osborne hakusema ndiyo wala siyo. Alirudi Dar es Salaam akaamrisha jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja makala iliyolifanya jina la Mpemba kujulikana ulimwenguni.

Jambo lenyewe lingali na ubishi. Wataalamu wengine walisema wameliona. Wengine, kama wawili wa Uingereza walioandika mwaka 2016, walipima kwa uangalifu wasilione, wakaonya kwamba kuweka kipimajoto mahali palipotofautiana kidogo tu hutosha kumdanganya mpimaji. Kwa hoja yetu ni sawasawa. Aliyemcheka hakuwa na dalili, na angalikuwa amekosa hata lau Mpemba naye angalikuwa amekosa.

Na sisi hatuna haki ya kumlaumu yule mwalimu, kwani tulifanya kama yeye. Zamani kidogo, mtoto mmoja wa chuoni kwetu alituuliza kwa nini mwezi mwandamo tunaouona hapa hulala chali kama mtumbwi, na ule uliochorwa vitabuni na katika bendera husimama wima. Tulimwambia, "Hilo silo somo letu, soma." Akasoma. Hakuuliza tena, suali hilo wala jingine, na sasa ni mtu mzima anayefanya kazi bandarini. Suali lake lilikuwa na jawabu, na jawabu tumelipata juzi kwa taa na chungwa, pamoja na yule mwalimu kijana: sehemu iliyong'aa ya mwezi huelekea jua, na hapa kwetu karibu na Istiwai jua hushuka takriban wima, likawa chini ya mwezi, ama katika nchi za kaskazini walikochora picha zile, hushuka kwa mshazari, likawa ubavuni mwake. Tulimpelekea salamu na jawabu. Alituambia kwamba hakumbuki kuuliza.

Mzee wetu wa bizari ameitoa mizani kwa skuli mpaka mwisho wa muhula, kwa sharti irudi bila ya kutu. Na tumekubaliana yeye, mwalimu, na sisi, kwamba kuanzia tarehe 14 hadi 18 ya mwezi mwandamo ujao watoto watakusanyika ufukweni baada ya sala ya alasiri, wakati maji yatakapokuwa yakijaa. Kila mmoja aje na kijiti kirefu kilichotiwa alama za sentimita, daftari, na saa ya kuaminika. Kabla ya siku ya kwanza kila mmoja ataandika, kwa hati yake na bila ya kumtazama mwenzake, ni siku gani maji yatapanda zaidi na kwa sababu gani. Karatasi zitafungwa katika bahasha, nayo atakaa nayo mzee, na itafunguliwa usiku wa tarehe 18. Yeye mwenyewe ameandika yake.